Helmeti Moja, Vichwa Viwili

Jumanne, 4 Machi

Nimeanguka! Leo alfajiri, kona ya stoo ya mbao. Lori lilikuwa limemwaga kokoto – gurudumu la mbele likateleza, na mimi huyo, chini. Kichwa ndani ya helmeti kikagonga ukingo wa barabara, ko! Nikalala pale nikipapasa meno kwa ulimi. Yote yapo. Kiwiko kimechubuka. Baiskeli haina hata mkwaruzo. Nikajipangusa, nikaenda kazini, nikapiga pasi shuka za hoteli mpaka saa sita kana kwamba hakuna lililotokea.

Nyumbani wakauliza kiwiko kina nini. Nikasema nimeteleza kwenye maji ya sabuni pale kwa dobi. Uongo ukatoka laini, bila kikunjo! Lakini ningesemaje? Siku mimi na wifi tulipoinunua baiskeli hii, kaka alikata shauri: wa kwanza kuanguka, inauzwa, hakuna kesi. Yeye fundi rangi, kutwa yuko juu ya ngazi ghorofa ya tatu, ila magurudumu mawili yanamtia homa.

Saa sita na nusu wifi akaitungua helmeti msumarini, akaivaa, akaenda zake kwenye duka la miwani. Asubuhi zamu yangu, mchana yake. Ndivyo tunavyoishi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeichunguza helmeti. Nje alama ndogo tu, kama ukucha. Nimeinua sponji ya ndani – kuna mstari kwenye lile povu gumu jeupe. Mwembamba kama unywele. Labda ulikuwepo tangu zamani. Nimejiambia ulikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipitisha helmeti kwa fundi wa baiskeli. Nikamwambia ni ya rafiki yangu. Akaibonyeza kwa dole gumba, hata usoni hakuniangalia. Hapa pameshabonyea, akasema. Helmeti ni kama njiti ya kiberiti, dada, ikishawaka mara moja imemaliza kazi.

– Sasa aibadilishe lini?

– Siku ile ile aliyoanguka.

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanirudishia, akasema: na asimpe mtu mwingine.

Nimerudi nayo nyumbani. Wifi alikuwa mlangoni ananingoja, amechelewa. Nikampa.

Nikampa!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda dukani kutafuta nyingine. Pesa ninayo, tatizo si pesa. Yetu ni ya rangi ya chungwa. Wao wana nyeusi na bluu tu. Muuzaji akauliza ni ya kichwa cha nani. Nikababaika kama mwizi. Nikija na nyeusi, wataniuliza ile ya chungwa ina nini. Nikasimama pale nikaijaribu mara mbili mbele ya kioo. Kisha nikairudisha rafuni, nikatoka.

Mimi nikianguka tena nayo, nimejitakia. Lakini yeye? Anaendesha kichwa juu, anapiga kengele kila kona, anajiona amekingwa.

Jumapili, 9 Machi

Leo duka la miwani halifunguliwi, na kwa dobi pia. Hakuna anayeendesha. Siku tamu kuliko zote!

Ila wifi kaamua kufua sponji za helmeti. Kazibandua moja moja, kazisugua, kazianika. Wifi, anasema, jasho lako lina harufu ya pasi! Tukacheka mpaka kaka akatoka kuja kuona kuna nini. Mstari hakuuona. Mtu anayekata lenzi, anayeona vumbi juu ya kioo cha mwenzake! Nadhani jicho haliendi pale ambapo moyo haujashuku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya jambo la kipumbavu. Asubuhi kule kazini nilichukua mkasi nikaukata mkanda wa kidevuni. Nilijua nitakachosema: umechakaa, tununue mpya. Basi, yaishe hivyo, bila kesi.

Wifi akautazama. Panya? akauliza. Nikasema labda. Akatoa sindano na uzi mgumu wanaoshonea pochi za miwani, akakaa kizingitini, dakika kumi, amemaliza. Mshono mzuri kuliko wa kiwandani.

– Umeona, wifi? Mpya kabisa. Usihangaike.

Akaivaa. Akanipungia mkono.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu mchana. Saa moja jioni wifi hajafika. Saa moja na robo, bado. Nimefungua mlango mara tano. Mlango huo utang'oka, kaka anasema. Nusu – kengele! Amelowa chapachapa na anaimba. Kumbe alikuwa amejibanza chini ya paa la benki, anangoja ipungue.

Nimeingia bafuni, nimefungua bomba wasinisikie nikilia.

Alhamisi, 13 Machi

Bado inanyesha. Kaka yuko nyumbani, rangi haishiki kwenye ukuta uliolowa. Saa sita na nusu wifi akanyoosha mkono msumarini, na mimi nikasikia sauti yangu ikisema: wifi, usiivae.

Nimesema yote. Kokoto, kiwiko, fundi, duka, mkasi. Sikupanga maneno.

Kaka akaweka kikombe chini. Hakufoka – heri angefoka. Kichwa ulikigonga? Ndiyo. Ulikwenda hospitali? Hapana. Akanishika kisogo, akakipapasa polepole kama ninavyokumbuka alivyofanya tukiwa wadogo, kisha akatoka barazani. Namwona mgongo tu. Amesimama kando ya baiskeli, mkono juu ya tandiko.

Wifi amekaa mbele yangu, helmeti mapajani. Ameinua sponji. Anapitisha ukucha juu ya ule mstari, mbele, nyuma.

– Tangu lini?

– Jumanne ya wiki iliyopita.

Ameshachelewa kazini na hainuki. Naandika hapa hapa mezani kwa sababu sijui macho niyapeleke wapi. Anakunja vidole, midomo inacheza. Jumanne. Jumatano. Mkono mmoja umejaa. Jumapili kairuka. Sasa mkono wa pili.

Nane, amesema. Nimeivaa siku nane.

Mkasi nao, ameuliza tu sasa hivi, bila kunitazama – ule mkasi, wifi, ulikuwa wa nini hasa?