Ukurasa Ulioujaza Bila Kuniambia

Tata,

Sijui kama huko uliko wanapokea barua za watoto wenye hasira na baba zao. Hii nakuandikia nyuma ya daftari lako la Kiingereza, kwa kalamu yako, na usitegemee salamu ndefu.

Wanafunzi wako bado wanakuja. Tangu tukuzike, miezi mitatu sasa, ninawafundisha mimi, kwa namna yako ileile: neno haliandikwi ubaoni mpaka mtu alete tukio lililompata yeye mwenyewe, hapa hapa Musonoi, kando ya mgodi. Kwa fright hatutafuti mbali. Baruti inalia mgodini, vikombe vinaruka kabatini, moyo unashtuka, halafu tunaendelea kula. Kwa panic wanataka tena hadithi ya siku jiwe la mgodini lilipotua kwenye bati la jirani, mtaa wote ukakimbia bila kujua unaelekea wapi, na wewe, mwalimu mzima, ukajikuta barabarani na sufuria ya bukari, ugali wetu, mikononi. Ulikuwa unawaacha wacheke. Anxiety ulisema ni wasiwasi usio na sura: tumbo linakataa chakula, na ukiulizwa unaogopa nini huna jibu. Terror hukupenda kuieleza. Ulisema hofu hiyo inaingia majumbani mwa watu na kuwatawala, na anayeijua hahitaji mwalimu.

Dread peke yake ilibaki bila tukio. Miaka yote ukurasa wake ulikuwa mweupe. Ulitupa maana tu: kuogopa jambo unalolijua, ambalo halijafika, na ambalo lazima lifike. Tukikudai mfano, ulicheka. "Hii mi siyaipata bado, batoto."

Juma lililopita Mama alikuwa kanisani. Bwana mmoja wa ofisi ya mgodi alibisha hodi, akaniuliza kama tumeanza kufungasha vitu. Nilidhani amekosea nyumba. Akanionyesha karatasi: nyumba nne za mwisho, zile zilizo karibu na shimo la mgodi, yetu ikiwemo, zitabomolewa mvua zikiisha, nasi tutahamishiwa mbali. Chini yake kuna saini yako, na ule mkia wa herufi ya mwisho uliopenda kuuvuta. Ulisaini mwaka jana, Tata, kabla sijaanza kujenga.

Unakumbuka nilivyojenga? Nilitaka chumba cha kusomea nyuma ya jiko, wanafunzi wasikae tena sebuleni wakimkanyaga Mama miguu. Nilikuuliza kwanza. Nikakuuliza mara ya pili, kwa sababu watu walisema mgodi unasogea. Ukanijibu kwamba ni maneno ya watu tu, nyumba haiendi popote: "Beko banasema tu, Kapinga. Hii nyumba haiendake fasi." Kisha ukavua koti, ukanipokeza matofali, moja moja, siku tatu mfululizo. Ulisifia hata ule ukuta uliopinda.

Bwana yule alipoondoka nilifungua daftari. Ukurasa si mweupe tena. Umeandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mdogo, kwamba binti yako anajenga, na kwa kila tofali unalompa unaogopa siku atakayojua. Neno dread umelipigia mstari, kama ulivyofanya kwa wanafunzi.

Yaani daftari uliliambia! Mimi uliyenizaa, niliyekuwa mbele yako na udongo hadi viwikoni, hukuniambia. Wale wa mgodi siwakasirikii sana, kazi yao ni kuchimba. Lakini wewe umenisaliti. Ungesema tu, ningelia siku mbili, ningeacha kujenga, yangeisha. Ulikuwa mwoga, Tata, na neno hilo halitaki Kiingereza.

Nilikusudia kumalizia hapo. Ila kuna jambo moja, na kama sikwambii wewe sina wa kumwambia.

Mama hajui. Majirani wamenyamaza kwa heshima ya kilio chetu, na mimi nimeificha karatasi chini ya godoro, siku ya sita leo. Jana asubuhi aliamua kupanda mihogo nyuma ya kile chumba, maana mvua zimeanza. "Kapinga, uniletee miti ya mihogo," akasema. Nikamletea. Nikawa nampokeza kipande kimoja kimoja, naye ameinama, anafukia, anaimba, ananieleza jinsi mwakani tutakavyochimba mihogo yetu wenyewe bila kwenda sokoni. Nikasema: "Ndiyo, Mama." Nikampa kipande kingine.

Sasa najua jinsi ulivyosimama pale na matofali. Lakini kukujua si kukusamehe, usinielewe vibaya.

Amebakiza mstari mmoja. Namsikia uani anatafuta jembe, ananiita. Nakuahidi, Tata: naifunga barua hii, natoa karatasi chini ya godoro, na atajua kabla jembe halijagusa udongo. Ukurasa wa dread utabaki na tukio lako peke yako.

Pumzika. Nikipoa nitakuja kaburini kung'oa majani.

Binti yako,
Kapinga