Mdogo Hamruki Mkubwa Hivihivi

San Miguel, Bulacan
9 Februari 1998

Mpendwa mwanangu Maricris,

Pokea salamu za mama yako mdogo kabla hujanuna. Najua ukiiona bahasha hii tu utakunja uso na kusema, "Wamenikumbuka leo?" Haya, nuna, lakini soma. Hujambo lakini? Baridi ya huko Genova imekuachia kifua? Na yule bibi kizee unayemtunza, bado anakuficha chumvi?

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yako mdogo Andoy goti linamsumbua kila mvua ikitaka kunyesha, ila akisikia kuna majogoo wanapiganishwa mahali, linapona palepale. Nyati wetu wa kufugwa amezaa, maziwa ni tele, na mimi ni kukoroga sufuria za pipi asubuhi hadi jioni. Mkono wa kulia sasa umenenepa kuliko wa kushoto.

Sasa nije kwenye lililokuuma. Ulipopiga simu Krismasi ulisema neno ambalo limenikaa kooni mpaka leo: "Kama mama hamtaki Dionisio aseme, asininyamazie kama jiwe." Nakuelewa, mwanangu. Uliomba karatasi za pipi za harusi yako tangu mwezi wa nane, na ukaomba tena, na hukujibiwa lolote. Mwanamke aliyewakatia maharusi wa mji mzima pabalat, hizo karatasi za pipi zenye maua na majina, ashindwe kumkatia binti yake wa kumzaa? Hata mimi ningelia. Na majirani hawakukosa la kutia: eti mama yako Siyang hamtaki mkwe aliyefiwa na mke, eti hataki kuitwa bibi na watoto wa mwingine. Watu wa hapa midomo yao haina likizo.

Sikiliza basi. La kwanza ni macho. Mama yako alinikataza nisikwambie, lakini mimi na siri ni maziwa na ndimu, hatukai chungu kimoja. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilianza kushuku siku alipoisalimia kwa heshima zote suruali ya Andoy iliyoanikwa uani. Atapasuliwa baada ya Pasaka, na daktari anasema si jambo la kutisha. Usilie, na usikimbilie kukata tiketi.

Ila macho siyo yaliyomnyamazisha. Hilo nimelijua juzijuzi tu.

Jumanne mchana nilimpelekea wali na samaki. Nikamkuta dirishani, pua karibu iguse karatasi, mkasi wake mdogo vidoleni. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema kimoyomoyo, lo, hatimaye! Nikachukua moja katika zilizokwisha, nikaiinua kwenye mwanga. Kazi ya Siyang ile ile: maua, ndege wawili, kibanda chini ya mnazi, mkia mrefu wa karatasi umetobolewatobolewa kama lesi. Nikashuka na jicho hadi kwenye jina. Halikuwa lako. Liliandikwa LUNINGNING.

Dada yako Luningning tulimzika akiwa darasa la tano, wewe bado unanyonya. Nikajua basi, dada yangu akili imemhama. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

"Dada! Anayeolewa ni Maricris!"

Hata kichwa hakuinua. "Nani kakwambia sijui niliowazaa?"

"Sasa hizi za nani?"

"Si zimeandikwa? Au na wewe huoni?"

"Dada, Luningning alishakufa."

"Ndiyo maana nakata mimi," akasema. "Angekuwa hai, Maricris mwenyewe angempa kitu."

Hapo nikaelewa, nikaona aibu. Kwetu mdogo hamruki mkubwa hivihivi. Ukitaka kuolewa kabla ya dada yako, humpi mkono mtupu. Mimi nilipomruka mama yako nilimpa kitambaa cha gauni, tena kizuri, na bado alininunia hadi siku ya kulivaa. Wewe hukulifikiria hilo, wala mimi, kwa kuwa tumezoea kukuhesabu mtoto wa pekee. Aliyebaki na hesabu ya watoto wawili ni mama yako tu.

Akaendelea, mkasi haukusimama: "Wewe nilipokununia, Petang, ulikuja ukanibembeleza. Huyu akirukwa atamnunia nani? Nani atakwenda kumbembeleza? Ningempaje mdogo neno lake kabla sijamaliza na mkubwa?"

"Na miezi yote hii mtoto analia huko ugenini!"

"Najua. Nilikuwa nakwenda kama macho yanavyoniruhusu."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Nililia mpaka samaki akapoa, na paka akatuhurumia kwa kumla.

Lakini kumaliza za mkubwa kulimaliza na macho yenyewe. Marehemu baba yako alimchagulia dada yako jina refu kama treni. Kwake ilikuwa rahisi, hakuwahi kushika mkasi. Mama yako alipoanza zako alikata M, akafika katikati ya herufi inayofuata, akauweka mkasi chini. "Petang," akasema, "herufi zimeanza kuogelea." Sijawahi kumwona na uso ule, hata msibani.

Nikajitolea mimi, mtu wa sufuria. Yesu na Maria! Unajua karatasi zinakatwa zikiwa zimepangwa pamoja, ukikosea moja umekosea zote. Nikaizungukia ile A kwa mbwembwe, na moyo wake, ile pembetatu ya katikati, ukadondoka. Siyo mmoja. Sakafu nzima ilijaa mioyo ya A. Mama yako akapapasa karatasi kwa kidole, akakuta shimo.

"Umemtoa mwanangu moyo kabla hajaolewa!" Akacheka, Maricris. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, na Andoy akaja kuuliza nani kashinda bahati nasibu.

Tukaanza upya. Akanifundisha lile nililokataa kujifunza tangu usichana: mkasi hautembei. Mkasi unakaa, karatasi ndiyo inayozunguka. Basi mimi nikashika mkasi na kutazama, yeye akazungusha karatasi. "Acha daraja hapo, uzi wa karatasi wa kuushika moyo," alikuwa ananiambia, "herufi bila daraja inaanguka." Nikienda mbio ananipiga kofi la mkononi. Hivyo ndivyo jina lako lilivyokatwa, macho yangu na mikono yake. R ya kwanza inachechemea kidogo, hiyo ni yangu, usinidai. Mama yako alizigusa zote akasema ziende hivyohivyo.

Tukiwa kwenye kazi hiyo akaniomba nimsomee uso wa Dionisio kwenye ile picha uliyotuma.

"Ana masikio makubwa," nikamwambia.

"Vizuri. Mwanaume mwenye masikio husikia."

"Na upara umeanza."

"Upara haujawahi kumpiga mke. Anacheka?"

"Anamtazama Maricris, kamera hajaiona kabisa."

Akazungusha karatasi. Kisha akasema, "Basi kata, kata. Mbona umesimama?"

Kifurushi kinakuja pamoja na barua hii. Pipi nimezikoroga kwa mkono wangu huu mnene, nimetia maganda ya ndimu kama upendavyo. Usiziweke karibu na mashine yenu ya joto. Kila pipi ifungwe kwanza kwa karatasi nyeupe, ndipo uzungushie kichwa cha pabalat. Ziweke kwenye glasi ndefu, mikia ining'inie nje watu waone. Wageni wasiojua wataichana karatasi ili wale. Waache, ndiyo kazi yake.

Katikati ya zako utakuta moja ya njano, ya dada yako. Mama yako anaomba uiweke mezani pale ambapo angekaa mkubwa wako. Wageni si lazima uwaeleze. Dionisio mweleze, ameshafiwa, atajua. Zile nyingine zake tumempelekea mwenyewe jana baada ya misa. Tulizipanga juu ya kaburi na pipi zake ndani, na mama yako akaongea naye kwa sauti ndogo. Nilisogea pembeni nisisikilize, ingawa unanijua. Nilipata mwisho wake tu: "Usimnunie mdogo wako. Yeye hakujua." Tulipoondoka sisimizi walikuwa wameshaanza karamu.

Andoy anakusalimu, anasema mkwe akija aje na jogoo wa Kitaliano. Msalimie sana Dionisio, na watoto wake uwabusu. Waambie huku wana bibi wawili, mmoja haoni na mmoja hanyamazi. Bikira Mwenye Rehema akufunike, nyumba yako isikose mchele wala kicheko, na kila unapokwenda ukute mtu amekuwekea sahani.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata ukinuna,

Petang

Bado kidogo. Nilikuwa natia gundi bahasha mama yako akanishika mkono. Kile kikaratasi chekundu kitakachokudondokea ukifungua, usikitupe ukidhani ni taka. Amekikata peke yake, alfajiri, mimi sikuwepo, kwa yale macho yake. Kina neno moja tu: TULOY. Mjinga mimi nikamwuliza, "Unamkaribisha nani, dada? Hilo si la mgeni aliyesimama mlangoni, kwamba ingia, pita?"

"Ndilo," akanijibu. "Na wakikuuliza sokoni kama harusi ya mwanangu ipo, utawaambia nini? Si hilohilo, kwamba inaendelea? Huyo Dionisio asimame mlangoni mpaka lini?"

Hebu itazame ile O, mwanangu. Moyo wake haukudondoka.