Kibodi ya Boksi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako je, umeacha kukusumbua, au bado unakalia kile kiti cha ofisini kilichovunjika mguu? Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita. Ila hasira zimenijaa, na barua hii naomba uisome ukiwa umekaa.

Umeniuliza mara mbili habari za mwanafunzi wangu, Vidole, yule uliyemtafutia nafasi ya kujifunza ukatibu hapo ofisini kwenu, kwa sharti moja tu: afaulu mtihani wa vitendo wa kompyuta. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Basi naanzia darasani.

Unajua tuna kompyuta kumi. Wafadhili walizileta miaka mitatu iliyopita, wakapiga picha, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Zikawekwa chumba cha nyuma ya maktaba, zimefunikwa mashuka utadhani zimelala. Mkuu wa shule tunamwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Umeme haukuwepo, subiri. Umeme ukaja, meza hazikuwepo, subiri. Meza zikaja, na chumba kikabaki kimefungwa. Mimi mwalimu wa jiografia nilikuwa nimepewa somo la kompyuta tangu zilipofika, eti kwa kuwa ndimi kijana kuliko wote katika chumba cha walimu.

Nikafundisha kwa maboksi. Nilikata maboksi ya sabuni nikachora kibodi kwa wino mzito, herufi kwa herufi kama zilivyo kitabuni, kila mtoto na lake. Kipanya kilikuwa kipande cha sabuni kilichofungwa uzi. Kikianguka, mmoja anapiga kelele kwamba panya katoroka, na darasa zima linavunjika mbavu. Niliwaambia macho yawe kwenye karatasi wanayonakili, vidole kwenye herufi. Habari za kioo nikasema zitakuja kwa siku yake.

Jina la Vidole lilizaliwa hapo. Binti huyo wa muuza mkaa aligonga boksi lake mpaka herufi zikafutika, nikamchorea jingine, nalo likafutika. Wakati wa mapumziko wenzake walimfunga macho kwa sweta, wakamtajia maneno magumu magumu, naye akagusa kila herufi bila kukosea. Nikaringa, dada. Ndiyo maana nilikusumbua kwa barua kumwombea nafasi.

Mtihani ulifanyikia shule nyingine, ambayo chumba chake cha kompyuta hufunguliwa kila siku. Ndiyo, shule za namna hiyo zipo. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilikaa nje kwenye benchi. Vidole alitoka wa kwanza, meno yote nje. Akaniambia amenakili barua yote, kurasa mbili, hajakosea hata herufi moja, na kwamba vitufe vya kweli ni vitamu, vinabonyea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru.

Baadaye msimamizi aliniita pembeni. Aliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kama yule binti ana shida ya macho. Kumbe kompyuta zote zilikuwa zimezimwa, na kila mmoja alitakiwa awashe yake, ni sehemu ya mtihani. Wenzake walipapasa, wakawachungulia wenyeji, wakawasha wamechelewa, wakaambulia mistari miwili mitatu. Vidole hakuinua kichwa. Aligonga saa nzima mbele ya kioo cheusi, na msimamizi haruhusiwi kusema neno.

Dada, nielewe. Hakuona ajabu yoyote. Miaka mitatu amegonga na hakuna kilichotokea, kwa hiyo kwake yeye kuandika ndiko huko.

Nilirudi damu inachemka. Niliingia kwa Bwana Subiri bila hata hodi, nikamwambia subira yake imewaangamiza watoto wa watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, ule ufunguo alionikabidhi siku meza zilipofika niliupeleka wapi.

Ninao mimi, dada. Uko kwenye droo yangu, chini ya ramani. Aliponipa alisema sasa kazi kwako. Niliingia mara moja, peke yangu, nikafunua shuka, nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikafunika, nikafunga mlango. Sijawahi kuwasha kompyuta maishani mwangu. Kile cheti nilichokuonyesha ni cha kuhudhuria semina ya siku moja, tukasikiliza hotuba tukanywa soda. Niliogopa kupapasa mbele ya watoto arobaini, na kila walipouliza lini tutaingia, niliwaambia wakamuulize Mkuu. Wakacheka, nami nikacheka nao. Ulipojitolea kunifundisha likizo ile nilikujibu kwamba mwalimu hafundishwi, nawe ukaniambia mficha uchi hazai. Nilikununia wiki nzima.

Matokeo yametoka. Vidole amepata sifuri. Anaamini mashine imeipoteza kazi yake, na jana alikuja kuniuliza kama nimeshakata rufaa.

Kesho asubuhi nitafungua kile chumba, niingie naye, nimweleze ukweli; mashine hatutazigusa mpaka jibu lako lifike. Tafadhali niandikie hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtoto: kitufe cha kwanza kiko wapi, na baada yake nifanye nini. Na kama nafasi yake inaweza kungoja mwaka mmoja, mwombee kwa bosi wako. Mwambie aliyefeli ni mwalimu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, yuleyule uliyemshika mkono akaandika a, e, i, o, u.