Shamba Lako Limekuwa Utabiri

Mama yangu uliyelala Chemba,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa neno jingine. Nakuandikia nikiwa ofisini hapa Dodoma, mlango nimeufunga, chai imepoa mezani. Nina hatia kwako, mama.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuambia nimepata kazi? Ulikuwa umekaa uani, ungo mapajani, unapepeta uwele. Nikakueleza kuwa ni mradi wa jeshi, tunaunda setilaiti ya hali ya hewa, chombo kitakachozunguka huko juu na kupiga picha za mawingu ili ndege za jeshi zisirushwe kwenye dhoruba. Katika maneno yote hayo ukayashika mawili tu, hali ya hewa na mawingu. Ungo ukautupa, huyoo kwa jirani yako Baba Rehema! Nikakusikia ng'ambo ya ua ukitamba: "Mwanangu anaijua mvua kabla haijatoka kwao!"

Nilicheka. Badala ya kukufuata nikurekebishe, nilikaa pale pale nikacheka mpaka machozi. Maana kazi yangu hata si mawingu. Mimi nashughulika na kijisanduku kimoja ndani ya setilaiti hiyo, cha kupima jua linapochafuka na kurusha mionzi inayoweza kuunguza mitambo na kukata mawasiliano ya redio. Mvua ya Chemba naijua kama kuku wako anavyoijua. Tena setilaiti yenyewe haijaruka bado, iko mezani, tumbo wazi, nyaya nje.

Kila ulipotaka kujua zaidi nilikujibu, "Kazi ya jeshi haisemwi, mama." Nawe ukaweka kidole mdomoni, ukatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu nyuma ya banda la mbuzi, ukatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonifunga mdomo kuliko kiapo chochote. Hata ulipolazwa, pumzi zikikusumbua, ulimshika nesi mkono ukamwambia, "Huyu ndiye wa mvua." Nesi akaniuliza kama apande mahindi. Nikakuangalia wewe, nikakutengenezea shuka.

Ulipotutoka ikanibidi nikufungulie shamba. Kwetu mbegu ya kwanza katika shamba la marehemu hutiwa na mtoto wake, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nilikuja siku niliyopewa ruhusa kazini. Hiyo tu, mama, hakuna kingine! Wangenipa ruhusa wiki ya pili yake, ningekuja wiki ya pili yake. Manyunyu ya kwanza yalikuwa yameshuka, vumbi limelala kidogo. Nikapanda, nikalia, nikala mlenda kwa dada yako Mama Mkubwa, nikarudi mjini.

Nyuma yangu kijiji kizima kikapanda. Redio ilikuwa imewaonya wasiharakishe, wangoje udongo ulowe vizuri. Baba Rehema akawaambia, "Redio ni ya watu wote. Huyu ni wetu." Basi wakateremsha mbegu kutoka kwenye vihenge. Uwele ukachipua, ukapendeza, halafu mvua ikakata na jua likaukausha wote, wako na wao.

Nilipopata habari nilikimbilia huko. Hakuna aliyenilaumu, na hapo ndipo nilipoumia. Afadhali wangenitukana! Mama Mkubwa alinichinjia kuku, mimi nikijua mbegu iliyobaki nyumbani mwake ni ya kupanda mara moja tu, na hiyo ikipotea wajukuu zake hawana chakula mwaka huu. Nyama ilinishinda.

Kesho yake nikawaita wanakijiji uani kwako. Nikawaambia wazi: mvua siijui, mimi ni fundi wa kijisanduku cha kupima jua, chombo chetu hakijaruka, nilipanda siku ile kwa sababu ya ruhusa ya kazi tu, na mama yangu hakuwadanganya, mimi ndiye niliyemwacha aamini. Niliona nakuvunjia jina mbele ya watu waliokuzika.

Baba Rehema akaweka kidole mdomoni, vile vile ulivyokuwa unafanya wewe.

"Tumekuelewa, mwanangu," akasema. "Kazi ya jeshi haisemwi. Usijitie matatani kwa ajili yetu. Wewe panda tu, sisi tutaona."

"Baba, nasema kweli, sijui!"

"Ndiyo, hujui," Mama Mkubwa akaitikia, akanikonyeza.

Nilishindwa. Nikaona dawa ni moja, nisiguse jembe kabisa. Nisipopanda hawatakuwa na la kufuata, kila mtu ataangalia mbingu na udongo wake kama zamani. Mbegu yako nikaiacha ndani, nikawaaga, nikapanda basi kurudi Dodoma. Njiani nilijiona nimefanya jambo la busara. Busara gani! Binti yako ni mjinga mwenye vyeti.

Leo asubuhi Mama Mkubwa amepiga simu. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya huko. Nilikuwa nasikia bati likipigwa nyuma ya sauti yake.

"Inanyesha, mwanangu, siku ya tatu leo. Udongo umelowa, jembe linazama lenyewe."

"Alhamdulillahi! Basi mmeshapanda?"

Akashangaa. "Tupande vipi? Si tumeona wewe hujapanda?"

Nimemsihi, nimemlilia, nimemwambia atoke na jembe sasa hivi. Ananijibu kwa upole, "Simu zinasikilizwa, mwanangu, usiseme sana," kisha akakata. Udongo wetu haungoji mtu. Wakiendelea kukaa, utakauka tena.

Kwa hiyo naiacha barua hapa, niwahi basi la Chemba. Nakwenda kuingia shambani kwako, wakiniona wote, nitie mbegu kwenye tope. Mvua hii itaendelea au itakata kesho, sijui. Nakwenda kupanda kwa sababu hawatapanda bila mimi, na wakipanda nitakuwa nimewapandisha mimi tena. Kama itakata, nisamehe wewe, maana wao hawajui kuwa kuna la kunisamehe.

Lala, mama. Mimi sijalala tangu ulipolala wewe.

Kitindamimba wako