Ndoyi wa Baba

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao kutoka Dar es Salaam. Mgongo wako unaendeleaje? Siku hizi mnalala majumbani hapo Baraka, au bado mnakimbilia mashambani jioni? Mimi mzima, ila ugali wa mahindi umenichosha. Natamani ule wa muhogo, na ndagala wako, huku wanawaita dagaa, wenye pilipili ya kutoa machozi.

Mama Riziki, yule mfanyabiashara, alifika akanipa maneno yako kama ulivyoyasema: "Umuambie yaya yake amezaa mutoto mwanaume. Kama anakubali, tutamuita Lubunga. Mi naona ni baba yake amerudia." Nilicheka kwa furaha kwamba dada yangu amejifungua, kisha kwa kusikia jina la baba nikalia. Tangu tulipokimbia risasi kwenda milimani, naye baba akarudi kufuata blanketi lako, hakuna aliyethubutu kusema amekufa. Wewe husema amekawia.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa hesabu alifundisha kitu kiitwacho isomofia. Vitu viwili vimeumbwa tofauti, lakini kila uhusiano wa hiki una mwenzake kule, na ukienda kisha ukarudi hupotezi chochote. Hapo unaweza kuvihesabu kama kimoja. Unaujua mdomo wangu, mama. Nikasimama: "Kama ndoyi!" Darasa zima likaniangalia kama mlevi. Nikaeleza kwamba kwetu mtoto akipewa jina la babu, bibi humwita "bwana wangu", na mama aliyemzaa humwita "baba". Wakasema, "Aa, wajina!" Mwalimu akacheka, kisha akauliza, "Kwenda nimeona. Kurudi je? Kutoka kwa mtoto, unampata babu mzima?"

Nikaketi. Akilini nilimwona baba akitumegea ndagala wake huku akidai ameshiba, muongo yule. Nilimwona kanisani akiimba kwa sauti ya ng'ombe wa Bibokoboko, nasi tunaficha nyuso kwa aibu. Hayo mtoto hatayaleta, nami nayatamani.

Basi jibu langu ni hili. Mpeni jina. Mwite bwana wako, mdekeze, ugombane naye. Lakini baba amekufa, mama. Hakukawia. Kwanza tumlilie, ndipo mtoto aitwe.

Nisalimie mjomba wa Lweba na shangazi wa Swima. Yaya mpe hongera na pole ya uzazi. Na Lubunga akiamka, mwambieni mwanawe anamsalimia. Atawatazama tu. Bado hajui kwamba ana watoto wakubwa hivi.

Mwanao akupendaye,
Wilondja