Darasa la Manga Lililoninyamazia

Kosa tunalofanya wengi tunaotumwa kukagua shule ni kudhani kwamba darasa tunalolikuta ndilo lililokuwapo kabla hatujaingia. Silo. Ukisukuma mlango tu, limekwisha kuwa darasa jingine.

Leo ni Alhamisi. Hapa Korogwe mvua nyembamba inanyesha tangu alfajiri na magoti yananiuma. Nimechoka, ingawa sijafanya kazi yoyote. Uchovu wa namna hii hunirudisha Kisii.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu huku kwetu Tanzania, nikapelekwa Kenya kwa majuma matatu kutazama wenzetu wanavyofundisha hesabu. Aliyenitembeza alikuwa Bwana Nyakundi, mkaguzi wa shule, mtu mnene mwenye hatua nyepesi. Alipanda vilima vile huku anaongea. Mimi nilipanda kimya, nikitafuta pumzi.

Niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa lililobaki. Siku zile walimu wengi wa vijijini hawakuwa wamesomea ualimu. Mtu alimaliza darasa la saba au la nane, akapewa chaki. Ili aende chuoni ilibidi mkaguzi aandike kwamba anafaa, na nafasi zilikuwa chache mno.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapanda kwenda Manga. Njia ilikuwa tope jekundu, huku migomba, huku mashamba ya pareto yenye maua meupe. Gari tulikuwa tumeliacha chini, limezama. Nyakundi akaniambia, "Mwalimu Kemunto tunayemwendea ni wa ukoo wangu. Mimi nikimsifu watasema ni undugu. Wewe ni mtu wa nje. Neno lako ndilo watasoma."

Nilisikia. Lakini viatu vilikuwa vimenichubua visigino, na hiyo ilikuwa shule ya nne tangu juzi.

Tulipoingia, Mwalimu Kemunto alikuwa amesimama nyuma kabisa ya darasa, amejibanza ukutani. Msichana mwembamba, sweta ya kijani. Nilidhani anajificha. Nikamwambia kwa upole, kama mzee anayemsaidia kijana, "Njoo mbele, mwanangu. Mwalimu husimama mbele." Akaja, akasimama kando yangu na mikono yake hakujua aiweke wapi.

Nikawauliza watoto mimi mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, nikimtazama mmoja mmoja usoni. Mama ana mikungu sita ya ndizi, kila mkungu una vichana vinane. Vichana vyote ni vingapi?

Watoto arobaini waliangalia sakafu.

Nikauliza swali rahisi zaidi. Kimya. Nikamsogelea msichana mmoja wa dawati la mbele, nikainama nimwone macho. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Nikaandika, nimesimama palepale: darasa halijui kitu, mwalimu hana sauti mbele ya wanafunzi wake, hafai kwa mwaka huu. Nikatia sahihi. Mwalimu mkuu akaifunga karatasi pamoja na nyingine katika bahasha, na tarishi wa baiskeli akaondoka nayo kwenda ofisini, Kisii mjini.

Tukakaribishwa chai na ndizi za kuchemsha katika chumba cha pili. Ukuta wa udongo ulikuwa na ufa, na kupitia ufa ule nikasikia darasa lile lile likiunguruma.

"Arobaini na nane!"

Kisha sauti ya mwalimu, haraka, yenye nguvu. Kisha watoto wanne kwa pamoja, wanabishana kwa lugha yao. Kisha kicheko kikubwa. Nikamuuliza Nyakundi wanacheka nini.

Akafuta mdomo. "Wanasema mgeni ana macho ya bundi."

Niliinuka na kikombe mkononi, nikachungulia kwenye ufa ule. Kemunto alikuwa amerudi kule nyuma, nyuma ya migongo yao. Swali lilitoka nyuma, majibu yakaenda mbele ubaoni. Hakuna mtoto aliyekuwa anatazamwa usoni, na hakuna aliyekuwa kimya.

"Huku kwetu," Nyakundi akasema, "mtoto akikaziwa macho na mtu wa umri wa baba yake, anaangalia chini. Hiyo ndiyo heshima. Sisi tunaita *chinsoni*. Akikutazama na kukujibu hivyo, watamuuliza nyumbani nani amemlea. Huyu Kemunto aliona wanafunga midomo akiwa mbele, akahamia nyuma. Hakuna mtu alimfundisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Wah! Nilidhani hata kwenu ni hivyo, Mwalimu. Si nyinyi pia ni watu?"

Ni kweli, hata kwetu ni hivyo. Mimi mwenyewe nililelewa nikitazama miguu ya baba yangu. Chuo kilinisahaulisha.

Nyakundi akatazama saa. "Tukishuka sasa hivi tutafika kabla hawajafunga ofisi. Orodha ya wanaokwenda chuoni inafungwa Ijumaa."

Nikatazama mteremko ule wa tope, nikatazama visigino vyangu. Upande wa Nyamira kulikuwa na shule mbili zinatungoja. Nikasema, "Nitaandika barua kesho."

Akashusha mkono wenye saa. "Sawa. Wewe ndiye mgeni."

Tulipoaga, Kemunto alitoka akanishika mkono kwa mikono miwili, macho chini. "Umeandika nini, Mwalimu?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nimekwisha kuwaambia watu wengi habari za safari ile: baridi ya Manga, ugali wa wimbi, ukarimu wa watu wa Nyamira. Hili sijamwambia mtu.

Kesho yake mvua ilitufungia Nyamira. Kesho kutwa nilikuwa na homa, au nilisema nina homa. Barua niliiandika Jumapili, barua nzuri, kurasa mbili, yenye maelezo yote ya kwa nini njia ya mwalimu yule ilistahili kufundishwa chuoni kwangu. Nyakundi alinijibu baada ya mwezi, kwa mistari michache. Barua ilifika. Orodha ilikuwa imefungwa. Mwaka uliofuata, nilisikia, Kemunto hakuomba tena. Alikuwa ameacha kufundisha, yuko kwao anavuna pareto.

Kwa miaka mingi nilijiambia kosa langu lilikuwa kutoijua desturi ya watu. Hilo lingesameheka, mgeni hawezi kujua yote. Lakini saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kujua. Kilichobaki kilikuwa kushuka kilima.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemwandikia vibaya na sasa unajua, nenda ukaifute karatasi hiyo leo.