Betri Isiyopanda Ndege

Jumatatu, 21 Mei 2012

Kimefika! Kifurushi kimefika. Ferista, mke wangu, anasema nimecheka peke yangu njia nzima kama mtu aliyeokota kofia ya mchungaji.

Tumekifungulia dukani kwa Mwajuma. Yeye ndiye aliyeagiza, kwenye kompyuta yake. Mimi kompyuta naitazama kwa mbali tu, kama mke wa mtu. Mwajuma ni wa Kigoma, anauza simu karibu na stendi hapa Tunduma, mdomo wembe. Ambilikile, rafiki yangu tangu utotoni, alifika kabla yangu, amevaa koti la kanisani. Nikamuuliza kama anabatizwa upya. Akasema ndege haipokelewi kwa kaptula, hata kama ni ya kuchezea.

Mabawa yapo, ya lile povu gumu jeupe wanalofungia televisheni. Mota ipo, ndogo kama kokwa la parachichi. Pangaboi lipo. Rimoti ipo. Chaja ipo. Betri — shimo. Wamechonga mahali pake vizuri kabisa, na humo ndani wamekunja karatasi. Mwajuma akatusomea: betri imetolewa, ni kwa ajili ya usalama wa safari za anga.

Ambilikile akaingiza kidole kwenye lile shimo. Halafu akauliza taratibu:

"Yaani ndege imekatazwa kupanda ndege?"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Jumanne, 22 Mei

Sikulala vizuri. Nimeikumbuka Kamsamba.

Tulikuwa hatujaota hata ndevu, mimi na Ambilikile, Mndali huyu. Nzige walikuwa wamejaa bonde lote la Rukwa. Wakatuajiri tushike bendera nyeupe. Mmoja mwisho huu wa mbuga, mwingine mwisho ule, ili rubani ajue wapi amwage dawa. Ndege ilikuja chini, chini, mpaka unaona viatu vya rubani. Mimi nilifumba macho na kukumbatia majani. Ambilikile alisimama wima, bendera juu, kichwa juu, macho wazi, dawa ikimshukia kama manyunyu. Anasema hajaona kitu kizuri kuliko tumbo la ile ndege.

Tangu siku hiyo tumetengeneza ndege. Za mabua. Za mianzi. Za mabati ya kopo la mafuta. Watu wanacheza bao, sisi tunatengeneza ndege. Zote zilijua kazi moja tu — kuanguka. Ya kupanda yenyewe hatujawahi kuwa nayo. Na kupandwa na sisi, basi tena. Hakuna kati yetu aliyewahi kuingia kwenye ndege.

Sasa macho ya Ambilikile yanakwisha. Presha ya macho. Daktari wa Mbeya kampa dawa ya matone, akamwambia ukweli: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kinakwenda. Anaona kama anachungulia kwenye tundu la mwanzi. Anataka kuona ndege yetu moja ikipanda kabla tundu halijaziba. Basi. Hakuomba ng'ombe.

Jumamosi, 16 Juni

Tumeagiza betri peke yake. Yule mwenye duka wa ng'ambo kajibu kwa adabu nyingi, na adabu ikizidi ujue unanyimwa. Betri za namna hii haziruhusiwi kwenye posta ya ndege. Kwa meli je? Hatumi kwa meli.

Mwajuma kanieleza. Kwanza, zinaweza kuwaka moto huko juu. Pili, kuna watu miaka miwili iliyopita walificha bomu kwenye mashine ya kuchapia wakalituma kama mzigo. Tangu hapo chochote chenye waya ni mtuhumiwa. Nikamwambia haya, mimi sikatai, sipendi mtu aungue angani. Lakini mwenye bomu huyo alikuwa na haraka gani hata mimi nisubiri badala yake?

Duka la pili limetaka nakala ya pasipoti ya mnunuzi na maelezo ya matumizi. Pasipoti! Mimi nina kadi ya kupigia kura, na picha yenyewe nimefumba macho. Mwajuma akaniuliza aandike matumizi gani. Nikamwambia aandike: kumfurahisha Mndali mmoja mzee. Akaandika kitu cha kuchezea. Hawajajibu.

Jumapili, 8 Julai

Leo tumejaribu betri za tochi. Tulizifunga kwa mpira wa baiskeli chini ya tumbo. Zina uzito wa dhambi. Ndege ilikimbia uani kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, ikaingia kwenye matembele ya Ferista, ikafia humo. Ferista akasema tuache kumtesa Mungu, angetaka tupae angetupunguzia matumbo.

Tukacheka. Ambilikile naye alicheka, ila alicheka baada yetu. Kisha akaniuliza imesimama wapi. Nikamwambia imevuka kwenda Mbala, Zambia, kunywa chai. Nilidhani ananitania.

Jumapili, 16 Septemba

Siku mbaya.

Mwajuma alikwenda China kununua mali baada ya Idd. Nilimwomba aniletee betri mkononi. Mwanamke mwema — akainunua, saizi ileile. Leo karudi. Nikaenda na Ambilikile, safari hii bila koti, koti limeshadanganywa mara moja.

Hana betri. Wamemnyang'anya uwanja wa ndege wa huko huko.

Akatueleza bila kutuangalia. Aliifunga kwenye foili ya kufungia vyakula. Juu yake soksi. Juu ya soksi kanga. Akaitia ndani ya sufuria yenye mfuniko, akazungushia utepe wa gundi mpaka sufuria ikawa kama jeraha lililofungwa bandeji. Sufuria akaiweka katikati ya sanduku kubwa, chini ya magauni. Mashine ikalia. Wakamtoa kwenye foleni, wakamkalisha chumbani saa nzima na watu wenye bunduki. Sufuria ilifunguliwa na mtu aliyevaa kama mfuga nyuki.

"Mzee Simfukwe, nilidhani nakusaidia," akasema. "Yule askari kaniambia ningeibeba tu kwenye mkoba, nikamwonyesha, ningepita."

Ningepita!

Nimeshindwa kumlaumu. Ni sisi hao. Ni Tunduma hii. Hapa mtoto anajifunza kufunga mzigo usionekane kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Sukari inavaa mahindi, mahindi yanavaa mkaa, vitenge vinavaliwa kumi kumi na mama mmoja mpaka anatembea kama pipa. Tumezoea kuficha hata kisichohitaji kufichwa. Na mashine ya ugenini ikiona kitu kimefichwa vizuri hivyo, inajua moja tu.

Wakati wa kurudi Ambilikile alinishika kiwiko. Nikamtania, tumeoana lini? Akasema barabara ina mashimo. Barabara ile ina lami.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nilikwenda kukaa pale mpakani, nina hasira tu. Kati yetu na Nakonde kuna njia za panya, panya wenyewe wakitaka kupita wanapisha watu. Nimeona godoro likivuka. Nimeona friji ikivuka kwenye baiskeli, imelazwa kama maiti. Nimeona mbuzi amevuka kwenda Zambia asubuhi na amerudi mchana, sijui alikwenda kufanya nini, labda ana mke wa pili. Tembo akivaa kitenge atapita. Lakini kibetri kama kipande cha sabuni kikitaka kuja kwa heshima, kwa jina, kwa anwani — hapana. Dunia inaniogopa mimi! Mimi ninayemwogopa Ferista.

Nilipokuwa pale akapita Aziz, mdogo wake Mwajuma, anaendesha lori la kwenda Johannesburg. Dada yake keshamwambia yote. Akasema mzee, nipe maneno ya hiyo betri yalivyoandikwa, huko yapo maduka ya ndege za kuchezea, nikirudi Idd ya kuchinja nitakuja nayo. Nilimnakilia kwenye pakiti ya sigara. Sikumwambia asante sana. Asante zangu zote nimeshazitumia vibaya.

Kwa Ambilikile sikusema kitu. Matumaini nayo yana uzito kama betri za tochi.

Ijumaa, 26 Oktoba

Ipo!

Aziz kaja nayo mfuko wa shati. Mfuko wa shati! Kapita nayo mipaka yote hiyo kutoka Johannesburg. Nakonde wamemuuliza tu kuhusu katoni moja ya matofaa. Amekula pilau ya Idd kwa dada yake, akanawa, akanikabidhi kama mtu anayerudisha kiberiti.

Tumeichaji hapohapo. Taa ikatoka nyekundu ikawa kijani. Tukaichomeka, nikasukuma kijiti cha rimoti, pangaboi likanguruma — hapana, halikunguruma. Hii mota ni ya umeme. Inasema ssss tu, kama nyoka mwenye adabu.

Nikamtuma mtu amwite Ambilikile. Kaja na koti. Nikamwekea betri kiganjani. Akaigeuza, akaipapasa kona zote, akaileta karibu na pua. Uso wake ulikuwa mzuri.

"Nyekundu yake nzuri," akasema. "Kama pilipili."

Ni ya bluu.

Mwajuma alinitazama. Aziz alifungua mdomo, nikamkanyaga. Nikasema, ndiyo ndugu yangu, nyekundu kama pilipili, usiitie mdomoni.

Kumbe tundu limeshaziba. Lini? Julai alipocheka nyuma yetu? Septemba kwenye kiwiko changu? Miezi yote hii nilikuwa nahesabu kwamba tunakimbizana na macho yake, kumbe tulikuwa tunakimbia peke yetu. Kidude chepesi vile, ambacho mwanamume amekuja nacho mfukoni huku anakula pilau! Mei kingemkuta anaona.

Sina utani leo. Nimeutafuta, sina.

Jumamosi, 27 Oktoba

Asubuhi.

Nimefikiri. Watoto wakitengeneza tiara hubandika utepe wa nailoni, wakautega ukapigwa na upepo, ukavuma mpaka mbwa wanakimbia. Nimeiba kaseti ya kwaya ya Ferista, ile iliyokatikakatika. Nimevuta utepe wake chini ya bawa, huku na huku, nikaukaza. Nikapuliza kwa mdomo. Unalia. Utaongeza uzito kidogo, na mkono wangu haujawahi kurusha hata mara moja, lakini kwaya itapanda mbinguni leo au itafia matembeleni.

Ambilikile kapapasa bawa, akauliza huu utepe wa nini. Nikamwambia ni ili Wazambia wasikie wivu. Akasema sawa.

Mchana, uwanjani.

Daftari nimekuja nalo mfukoni, naandikia goti. Tunangoja upepo utulie. Tuko uwanja wa mpira wa shule, hakuna wanafunzi leo. Mwajuma kaja na mwavuli, Ferista kaja na maneno. Aziz ndiye atakayeirusha kwa mkono, mimi nashika rimoti.

Ambilikile kakataa kukaa nasi. Ametoa kwenye koti kitambaa cheupe, kipande cha shuka, amekifunga kwenye fimbo tangu nyumbani. Akasema mshika bendera hakai na rubani. Nikataka kumsindikiza. Akaniambia, "Simfukwe, kazi hii niliijua kabla yako. Wewe ulilala kwenye majani." Amekwenda mwenyewe, akipiga hatua ndogondogo, fimbo mbele, mpaka goli la mbali. Alipoigusa nguzo akageuka, akasimama wima, bendera juu, kichwa juu.

Ameelekea Zambia. Sisi tuko nyuma yake.

Ferista kaona. Amenishika bega tu. Aziz ananiuliza kwa macho: nimwite ageuke? Nimemkatalia. Nikimwita, atajua kwamba najua. Nisipomwita, naipitisha ndege kichwani kwa mtu aliyenipa mgongo, na mkono wangu wenyewe ndio huu ambao haujawahi kurusha.

Ikivuma atasikia. Akisikia atageuka mwenyewe, kama aliyekuwa anatania.

Upepo umetulia. Bendera yake imelala kwenye fimbo. Yeye hajageuka. Aziz ameinua ndege juu ya kichwa, ananitazama mimi.

Naweka kalamu mfukoni, nashika kijiti cha rimoti.